Redio na Sehemu Zake: Uvumbuzi wa Kapasita za Utando na Viwanda vya Umeme vya Arusha, 1964–1986

Utangulizi

Mwezi Aprili 1964 serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda zilifikia makubaliano mjini Kampala kuhusu namna ya kugawana viwanda katika soko la pamoja la Afrika Mashariki. Chanzo kilikuwa malalamiko ya muda mrefu ya Tanganyika na Uganda kwamba viwanda vilikuwa vikirundikana Kenya, hasa Nairobi, huku nchi hizo mbili zikibaki wanunuzi. Katika mgawo huo Kenya ilipata balbu za umeme. Uganda ilipata baiskeli na mbolea ya naitrojeni. Tanganyika ilipata jaribosi na bati bapa za alumini, matairi na mipira ya ndani ya magari, uunganishaji wa Land Rover, na uunganishaji wa redio pamoja na utengenezaji wa sehemu zake.

Maneno hayo ya mwisho, “pamoja na utengenezaji wa sehemu zake”, ndiyo msingi wa makala hii. Redio ndogo ya transista ina kapasita zaidi ya kumi ndani yake, na kapasita ya aina iliyokuwa ya kawaida wakati huo ilitengenezwa kwa kuviringisha jaribosi ya alumini pamoja na karatasi au plastiki nyembamba. Kwa hiyo nchi moja ilikuwa imekabidhiwa, katika hati moja, jaribosi yenyewe na sehemu za redio zinazotokana na jaribosi. Redio ziliunganishwa kweli, Arusha na Dar es Salaam. Lakini kiwanda cha sehemu zake, kwa maana ya kiwanda cha kapasita, hakikutokea kuwa sehemu ya uchumi wa nchi.

Maelezo yaliyozoeleka ni ya kisiasa na ya kifedha. Kenya haikuridhia makubaliano hayo. Mtaji ulikuwa mchache. Fedha za kigeni zilikauka. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi, kwa sababu hayaelezi ni kwa nini mji huohuo wa Arusha uliweza, miaka michache baadaye na katika hali mbaya zaidi ya kiuchumi, kuanza kutengeneza transfoma. Hoja ya makala hii ni kwamba kifungu cha sehemu za redio kiliandikwa wakati kitovu cha uvumbuzi wa kapasita kilikuwa kimekwisha kuhama. Kilitoka kwenye meza ya mviringishaji kikaenda kwenye kiwanda cha plastiki na kwenye chemba ya ombwe, na huko ndiko nchi ndogo yenye soko dogo isingeweza kukifuata kwa mashine ya kuviringisha peke yake.

Kutoka chupa hadi mviringo

Kapasita ni chombo cha kuhifadhi chaji ya umeme kati ya mabapa mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami. Uwezo wake huongezeka kadiri eneo la mabapa linavyokuwa kubwa na kadiri kihami kinavyokuwa chembamba. Historia nzima ya chombo hiki inatokana na sentensi hiyo. Kapasita ya kwanza, iliyogunduliwa na von Kleist na Musschenbroek mwaka 1745 na 1746 kila mmoja kwa upande wake, na ambayo ilichukua jina la mji wa Leiden, ilikuwa chupa ya kioo. Kioo ni kihami kizuri, lakini ni kinene na hakikunjiki. Aliyetaka eneo kubwa alilazimika kupanga chupa nyingi.

Hatua iliyobadilisha mambo ilikuwa ya kuviringisha. Mwaka 1876 D. G. Fitzgerald alibuni kapasita ya jaribosi na karatasi iliyoloweshwa nta. Tepe mbili za metali na tepe za karatasi hupangwa kwa zamu, kisha hukunjwa pamoja kama mtu akunjavyo mikeka miwili kwa pamoja baada ya hitima. Eneo la meza nzima huingia katika kiganja cha mkono. Aidha, kwa kuwa kila metali sasa inatazamana na mwenzake kwa pande zote mbili, eneo lilelile hufanya kazi maradufu. Mwaka 1900 G. F. Mansbridge wa Uingereza alipewa hataza ya karatasi iliyopakwa metali moja kwa moja, bila jaribosi ya kujitegemea. Katika karatasi hiyo ilionekana tabia ambayo baadaye ilithaminiwa kuliko kitu kingine chochote: cheche ikipenya penye udhaifu, tabaka jembamba la metali huungua na kutoweka kuzunguka tundu, na kapasita huendelea kufanya kazi. Huku ndiko kujiponya kwa kapasita.

Katika enzi hiyo ya karatasi, kazi ilikuwa ya mkono na ya mashine ndogo. Mfano mzuri ni ndugu watatu wa familia ya Ducati, walioanzisha kampuni yao Bologna, Italia, mwaka 1926. Jina lao leo huhusishwa na pikipiki, lakini bidhaa yao ya kwanza ilikuwa kapasita ya redio iitwayo Manens. Walianza na chumba, wafanyakazi wachache na soko la redio lililokuwa changa. Karatasi na jaribosi walizinunua. Ujuzi ulikuwa katika kukata, kuviringisha, kukausha na kulowesha. Mtu aliyeandika “redio pamoja na sehemu zake” mwaka 1964 huenda alikuwa na picha ya namna hii akilini, na kama alikuwa nayo hakuwa mjinga. Miaka thelathini nyuma picha hiyo ilikuwa ya kweli.

Uvumbuzi unahamia kwenye utando

Mabadiliko yalikuja kwa njia tatu, na zote tatu zilitoka nje ya fani ya kuviringisha.

Ya kwanza ilikuwa kemia. Mwaka 1941 Whinfield na Dickson, wakiwa watumishi wa chama cha wachapaji wa vitambaa huko Manchester, waligundua polyesta. Waliitafuta kwa ajili ya nguo. Katika miaka ya 1950 plastiki hiyohiyo ilikuwa ikiuzwa kama utando mwembamba, kwa jina la Mylar nchini Marekani na Melinex nchini Uingereza. Polipropilini, iliyotokana na kazi ya Giulio Natta mwaka 1954, ilifuata. Plastiki hizi hazinyonyi unyevu kama karatasi, na zinaweza kuvutwa kwa urefu na kwa upana zikiwa moto hadi zikawa na unene wa mikroni chache tu. Unywele wa binadamu una makumi ya mikroni. Utando wa namna hii hautengenezwi katika karakana. Hutoka katika mtambo mrefu kama jengo, unaokwenda usiku na mchana, na ambao hupata hasara ukisimamishwa.

Ya pili ilikuwa fizikia ya ombwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni ya Bosch nchini Ujerumani ilitengeneza kwa wingi karatasi iliyopakwa metali ndani ya ombwe. Metali huyeyushwa na kugeuzwa mvuke katika chemba isiyo na hewa. Mvuke huo hutua juu ya tepe inayopita kwa kasi na kufanya tabaka la makumi ya nanomita tu. Njia hiyo ilipohamishiwa kwenye plastiki, jaribosi ilitoweka kabisa katika kapasita nyingi. Hapa pana kinaya cha mgawo wa Kampala: Tanganyika ilipewa jaribosi ya alumini katika miaka ileile ambayo kapasita zilianza kuachana nayo.

Ya tatu ilikuwa ndogo kwa sura lakini kubwa kwa matokeo. Tabaka la nanomita haliwezi kuunganishwa na waya kwa risasi, kwa kuwa halina mwili wa kushikwa. Max Ulrich Schoop wa Zürich alikuwa amebuni, mwanzoni mwa karne ya 20, namna ya kunyunyizia metali iliyoyeyushwa kama rangi. Tepe mbili zinapoviringishwa huku moja imesogezwa kidogo kushoto na nyingine kulia, kila upande wa mviringo huwa na kingo za metali za tepe moja tu. Zikinyunyiziwa metali, kingo zote hushikana kwa mara moja, na mkondo huingia katika mviringo kutoka ubavuni badala ya kusafiri urefu wote wa tepe. Kazi iliyobaki kwa mviringishaji ikawa ni kuhakikisha kwamba msogeo huo ni sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba mvutano wa tepe hauupindi utando.

Hesabu moja inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Kapasita ya maikrofaradi 20, ambayo ni ya kawaida katika pampu ya maji ya nyumbani, ikitengenezwa kwa utando wa polipropilini wa mikroni 6, huhitaji takriban mita 6 za mraba za utando. Kwa tepe za upana wa sentimita 7, hizo ni tepe mbili zenye zaidi ya mita 40 kila moja, ndani ya kikopo kinachoshikika kwa mkono mmoja. Punje ya vumbi yenye kipenyo cha mikroni 10 ni nene kuliko kihami chenyewe. Mashine ya kuviringisha inaweza kununuliwa na kusafirishwa hadi popote. Utando safi wa urefu wa kilomita, wenye unene usiobadilika, hauwezi kubuniwa pale mashine inapofungwa.

Kampuni zilizofanikiwa katika kipindi hiki zilikuwa zile zilizokuwa na utando mkononi. Kampuni ya Bolloré ya Brittany, Ufaransa, ilianza mwaka 1822 ikiwa kiwanda cha karatasi nyembamba, ikaishi kwa karatasi za sigara na za kapasita, kisha ikageukia utando wa polipropilini na kuwa miongoni mwa watoaji wakuu wa utando wa kapasita duniani. Watanzania wengi waliolifahamu jina hilo walilifahamu kwa shughuli za usafirishaji wa mizigo bandarini, bila kujua uhusiano wake na kikopo kilicho chini ya pangaboi.

Malighafi zilizopitwa

Itakuwa kosa kudhani kwamba Tanganyika ilikuwa nje kabisa ya historia hii. Ilikuwemo kwa upande wa malighafi. Ulanga, yaani mika, ulichimbwa katika milima ya Uluguru tangu wakati wa Wajerumani, na uliendelea kusafirishwa nje chini ya Waingereza. Mika ni kihami cha asili kinachochanika katika tabaka nyembamba, na kapasita za mika zilitumika sana katika redio za mawasiliano tangu William Dubilier alipozibuni mwaka 1909. Hizi hazikuviringishwa, zilipangwa tabaka juu ya tabaka. Plastiki ilipozidi kuwa nyembamba na ya kuaminika, nafasi ya mika ilipungua.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa la katani. Mwaka 1964, mwaka uleule wa makubaliano ya Kampala, Tanganyika ilivuna takriban tani 230,000 za katani, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Baada ya hapo kamba za polipropilini zilishusha bei ya katani katika soko la dunia, na mashamba ya ukanda wa kaskazini, kutoka Tanga hadi kandokando ya Kilimanjaro na Meru, yakaanza kusinyaa. Plastiki iliyoondoa mkonge shambani ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikiingia katika kapasita. Hakuna ushahidi kwamba waliojadili mgawo wa viwanda waliyaona mambo haya mawili kama jambo moja, wala hapakuwa na sababu ya kuwatarajia wayaone. Hata hivyo kwa mtazamo wa kihistoria ni jambo moja: nchi ilikuwa ikipoteza mapato ya kununulia mitambo kwa sababu ya kemia ileile iliyoifanya mitambo hiyo kuwa ghali.

Arusha na redio

Makubaliano ya Kampala yalififia baada ya Kenya kutoyaridhia, na mahali pake pakachukuliwa na Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha. Miezi michache kabla, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa. Mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, wa 1969 hadi 1974, uliutaja mji huo miongoni mwa miji tisa ya kukuzwa ili viwanda visirundikane Dar es Salaam. Kwa muda wa miaka kama kumi Arusha ilikuwa karibu na soko la nchi tatu, karibu na mpaka wa Namanga, na ilikuwa na sera za serikali upande wake.

Matokeo yanaonekana hadi leo katika majina ya mahali. Unga Limited ni mtaa uliochukua jina la kampuni ya unga. Kiltex ilikuwa ya nguo, General Tyre ya matairi. Eneo la Philips, penye kituo cha daladala kwenye barabara kuu ya Moshi, limebaki na jina la kampuni ya Uholanzi ambayo katika miaka ya 1970 iliunganisha redio mjini humo. Ni vigumu kupata ushahidi mfupi zaidi wa hatima ya mpango ule kuliko kondakta anayetaja jina la kiwanda ili abiria washuke.

Redio zenyewe hazikuwa anasa. Serikali ilizitumia kama darasa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, ambavyo vilikutana kuzunguka redio moja na kitabu kimoja, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975. Kwa hiyo swali la nani anatengeneza kilichomo ndani ya redio lilikuwa swali la elimu na afya ya umma pia, kwa kuwa redio isiyopatikana au isiyotengenezeka ilinyamazisha kikundi kizima cha kijiji.

Kuunganisha redio ni kazi ya kweli. Kulikuwa na kupachika vijenzi katika bodi, kulehemu kwa risasi, kurekebisha masafa, kupima, kufunga kasha. Lakini vijenzi vya redio za kuunganishwa huja vikiwa tayari katika pakiti. Philips, pamoja na kampuni yake tanzu ya Uingereza iitwayo Mullard, walikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa kapasita duniani, na kapasita zao za polyesta za miaka ya 1960 na 1970 zilijulikana kwa mistari ya rangi kama samaki wa matumbawe. Kampuni yenye viwanda vyake vya kapasita Ulaya haina sababu ya kibiashara ya kujenga kingine kwa ajili ya soko dogo. Kapasita elfu moja huingia katika mfuko wa mkononi. Gharama ya kuzisafirisha ni ndogo mno kiasi kwamba ushuru peke yake usingeweza kuibadilisha hesabu hiyo. Kwa upande huu matairi na kapasita ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa vilikuwa katika orodha moja.

Je, hataza ndizo zilizozuia? Sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni haikuwa na ofisi ya kuchunguza uvumbuzi nchini. Ilisajili tu hataza zilizokwisha tolewa Uingereza. Utaratibu huo uliendelea hadi Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, ambayo ilianza kutumika mwaka 1994. Maana yake ni kwamba kwa miaka zaidi ya thelathini baada ya uhuru, mvumbuzi wa Arusha aliyetaka ulinzi katika nchi yake alipaswa kwanza kuupata London. Hilo lilikuwa jambo la fedheha, na linastahili utafiti wake. Lakini kwa kapasita haikuwa kizuizi kikuu. Hataza ya Mansbridge ilikwisha muda zamani, na kanuni ya kuviringisha ilikuwa mali ya umma. Kilichokosekana hakikuwa katika hati. Kilikuwa katika mtambo wa utando, katika chemba ya ombwe na katika uzoefu wa watu walioviendesha.

Ndipo ukame wa fedha za kigeni ulipokuja. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta vilimaliza akiba. Viwanda vya kuunganisha viliishi kwa vibali vya kuagiza. Katika hali hiyo baadhi ya watu wangeweza kusema kwamba kapasita za kienyeji zingeokoa fedha. Hesabu haiungi mkono dai hilo. Kiwanda cha kapasita Arusha kingelazimika kuagiza utando uliopakwa metali, waya, resini na vipuri vya mashine, yaani karibu gharama yote ya kapasita. Kingebadilisha aina ya pakiti inayosubiri kibali.

Transfoma na kusuka

Mwaka 1981, katikati ya ukame huohuo, kampuni ya TANELEC ilianzishwa Arusha kwa ajili ya kutengeneza transfoma za usambazaji wa umeme, kwa ushirikiano na wabia wa Norwei; baadaye ABB ikawa mbia wake. Transfoma za Arusha zilipanda juu ya nguzo za TANESCO na nyingine zikauzwa nje ya nchi. Kiwanda hiki kinastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu kazi yake, kwa mtazamo wa mikono, ni ndugu ya kapasita. Kondakta huviringishwa pamoja na karatasi ya kuhami, tabaka huhesabiwa, unyevu huondolewa kwa joto na ombwe, mafuta hujaza nafasi zote zilizobaki. Fundi wa kapasita za karatasi wa mwaka 1930 angeielewa karibu kila hatua.

Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Arusha ilikosa mikono. Chuo cha Ufundi kilikuwapo tangu 1978. TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. CAMARTEC ilifuata mwaka 1981, na mtambo wake wa biogesi wenye kuba la matofali ulikuja kuigwa katika nchi nyingine. Ni uvumbuzi wa Arusha kwa maana kamili ya neno hilo, uliotumia udongo, saruji na samadi ya ng’ombe wa zizini kwenye miteremko ya Meru.

Tofauti kati ya transfoma na kapasita ilikuwa mahali pengine. Transfoma ni nzito, na uzito huo ni ulinzi kwa mtengenezaji wa karibu. Mnunuzi wake mkuu alikuwa mmoja na alijulikana. Idadi inayohitajika ni ya mamia na maelfu, si ya mamilioni. Shaba, chuma cha kiini na karatasi viliagizwa kutoka nje, lakini unene wake ni wa kadiri ambayo jicho na kipimo cha mkono vinaweza kuuhakiki. Zaidi ya yote, transfoma iliyoungua inaweza kufunguliwa na kusukwa upya. Uvumbuzi katika transfoma za usambazaji ulikuwa bado unaishi katika umbo la koili, na umbo ni jambo ambalo karakana inaweza kujifunza. Uvumbuzi wa kapasita za miaka hiyohiyo ulikuwa katika maelezo ya utando: metali nzito zaidi kwenye ukingo unaonyunyiziwa, tabaka lililogawanywa katika vijisehemu vilivyounganishwa kwa shingo nyembamba ili kijisehemu kibovu kijitenge chenyewe. Mambo hayo huamuliwa kabla tepe haijafika kwa mviringishaji.

Labda waandishi wa kifungu cha mwaka 1964 wangepata zaidi kama wangeomba transfoma badala ya sehemu za redio. Lakini katika mwaka huo wananchi wachache mno walikuwa na umeme, na karibu kila mmoja alitaka redio.

Kapasita bila redio

Masharti ya kuagiza bidhaa yalianza kulegezwa mwaka 1984, na mpango wa kufufua uchumi ukaanza mwaka 1986. Redio zilizokamilika ziliingia kwa wingi, na uunganishaji wa ndani ukapoteza sababu yake. Kapasita haikutoweka Arusha pamoja na redio hizo. Ilirudi kwa mlango mwingine, safari hii ikiwa kubwa na ya polipropilini: katika pangaboi, katika majokofu, katika pampu za visima vya majumbani. Mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru, yaliyoenea kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, yanategemea mota za kusukuma maji. Wateja wakubwa wa TANESCO hulipia pia mahitaji yao ya juu kwa kipimo cha kVA, hivyo mwenye mota nyingi hufunga kabati la kapasita ili kupunguza ankara.

Kapasita za zamani za mifumo ya umeme ziliacha pia deni. Nyingi duniani zilijazwa mafuta ya jamii ya PCB, yaliyopendwa kwa sababu hayashiki moto na baadaye yakathibitika kuwa sumu inayodumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na kwa hilo ilichukua wajibu wa kuvitafuta na kuviondoa vifaa hivyo, ambavyo haikuvitengeneza.

Katika karakana za Arusha, mota ya pampu iliyoungua hufunguliwa, waya wake hukatwa na kupimwa uzito, mizunguko huhesabiwa, na mota husukwa upya kwa waya mpya wa shaba kwa siku moja au mbili. Kapasita iliyofungwa ubavuni mwa mota hiyohiyo hupimwa kwa mita. Ikiwa imeshuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kikopo, hung’olewa na kutupwa, na mteja hutumwa dukani kununua nyingine yenye maikrofaradi na volti zilezile.